Maumivu ya Mgongo na Shingo Viwandani: Ipimwe Kazi Kabla ya Kumlaumu Mfanyakazi

Somo hili linawahusu wafanyakazi wa viwanda, maghala na bandari, waajiri wao, maofisa utumishi, wakaguzi wa kazi, na wananchi wote ambao riziki yao ya kila siku inatokana na kuinua, kubeba, kuinama au kukaa mkao mmoja kwa saa nyingi. Makusudio yake ni matatu: kueleza maumivu ya mgongo na shingo yanatokana na nini, kuonyesha namna ya kuipima kazi ili ionekane kama inaumiza, na kutaja hatua zinazopasa kuchukuliwa na kila upande.

Ni vyema ikaeleweka tangu mwanzo kwamba maumivu haya mara nyingi hufichwa. Mfanyakazi wa kudumu huona haya kuitwa mvivu. Kibarua anayelipwa kwa siku huogopa kwamba akisema mgongo unamuuma, kesho nafasi yake atapewa mwengine. Matokeo yake ni kuwa msimamizi hupata habari siku ambayo mtu hawezi tena kuinuka kitandani, na wakati huo tiba huwa ndefu na hasara imekwisha kuingia kwa mfanyakazi, kwa familia yake na kwa kazi yenyewe.

1. Ukubwa wa tatizo

Maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu washindwe kutekeleza shughuli zao. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu milioni 619 walikuwa na maumivu haya mwaka 2020, na inakisiwa kwamba ifikapo mwaka 2050 idadi hiyo itafika milioni 843. Katika kila wagonjwa 10, takriban 9 hawaonekani kuwa na ugonjwa maalumu wa mfupa au kiungo unaoweza kutajwa kuwa ndio chanzo. Hii haina maana kwamba maumivu yao si ya kweli. Maana yake ni kwamba picha ya eksirei peke yake haiwezi kueleza kwa nini mtu anaumwa, na kwamba ni lazima aulizwe kuhusu kazi anayoifanya.

Jambo hili si geni. Mwaka 1700 daktari wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya watu wa kazi mbalimbali, wakiwamo wachukuzi wa mizigo na mafundi wanaokaa wameinama kutwa. Aliwahimiza madaktari wamuulize kila mgonjwa swali moja la ziada: unafanya kazi gani? Swali hilo bado ndilo la kwanza katika somo hili.

2. Mgongo ulivyoumbwa

Uti wa mgongo una pingili 33. Za shingo ni 7, za kifua 12 na za kiuno 5. Zinazobakia ni 5 za nyonga zilizoungana kuwa mfupa mmoja, na 4 ndogo za kifandugu. Baina ya pingili zinazoweza kucheza kuna sahani laini zenye ute mzito katikati, ambazo kazi yake ni kupokea uzito na kuuwezesha mgongo kupinda. Pingili zote hushikiliwa na kano na misuli, na baina yake hupita mishipa ya fahamu inayokwenda mikononi na miguuni. Ndiyo sababu tatizo la shingo huweza kusikika vidoleni, na la kiuno likasikika kwenye ndama ya mguu.

Sahani hizi kwa mtu mzima hazina mishipa ya damu ya kutosha. Hupata chakula chake kwa njia ya kubanwa na kuachiwa mtu anapotembea, kuinama na kunyooka. Kwa hiyo mgongo huchoshwa na mambo mawili yanayoonekana kupingana: kubebeshwa kupita kiasi, na kuachwa katika hali moja bila ya kusogezwa.

Jambo la pili la kufahamu ni umbali wa mzigo. Mtu akishika ndoo ya maji karibu na tumbo huweza kusimama nayo kwa muda. Akiinyoosha mikono mbele na ndoo ile ile, hatimizi dakika moja. Uzito wa ndoo haukubadilika, kilichobadilika ni umbali wake na mwili. Misuli ya kiuno nayo hulazimika kuvuta kwa nguvu iliyo kubwa mara nyingi kuliko uzito wa mzigo wenyewe, na nguvu hiyo yote huzikandamiza sahani za kiunoni.

3. Mambo yanayoumiza kazini

Mambo yanayojulikana kuongeza maumivu ya mgongo na shingo ni haya yafuatayo:

(a) Uzito wa mzigo, hasa unaoinuliwa kutoka sakafuni au kupandishwa juu ya mabega.
(b) Umbali wa mzigo na mwili, kama vile kuinua kitu kilicho nyuma ya meza, ndani ya pipa au upande wa pili wa mkanda wa mashine.
(c) Kugeuza kiwiliwili huku miguu ikiwa imesimama pale pale.
(d) Kurudia kitendo kile kile mara nyingi bila ya mapumziko.
(e) Kukaa au kusimama mkao mmoja kwa muda mrefu, shingo ikiwa imeinama.
(f) Mtikisiko wa mwili mzima, kama unaowapata madereva wa malori, matrekta na mashine za kuinulia mizigo.
(g) Haraka, hofu na mfanyakazi kukosa sauti juu ya namna kazi yake inavyopangwa. Mtu mwenye wasiwasi hukaza misuli bila ya kujijua, na mwili usiopumzika hupona polepole.

Visiwani kwetu mambo haya yanaonekana katika kazi nyingi. Mahamali hupakua mapolo ya mchele, sukari na saruji. Wakati wa msimu wa karafuu magunia hubebwa kutoka nyumbani na mabandani hadi kwenye vituo vya ununuzi, na makonyo hupelekwa kwenye kiwanda cha Wawi, Pemba, kukamuliwa mafuta kwa mvuke. Popote pale mali ghafi inapoingizwa kwa mkono katika chombo cha kuchemshia na makapi kutolewa, kiuno ndicho kinachobeba kazi. Wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake, huinama majini kufunga mbegu kwenye kamba na kisha kubeba mwani mbichi uliojaa maji hadi pwani.

4. Namna ya kuupima mzigo

Waajiri wengi huuliza: kilo ngapi zinaruhusiwa? Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Nam. 127 kuhusu uzito wa juu kabisa wa kubebwa na mfanyakazi mmoja. Pendekezo Nam. 128 lililofuatana nao liliagiza kwamba pale ambapo mwanamme mzima anabebeshwa zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza uzito huo. Wanawake na vijana walitakiwa wapewe mizigo iliyo midogo zaidi. Kiwango hicho kilikusudiwa kuwa dari isiyovukwa. Ni kosa kukichukulia kuwa ni uzito wa salama kwa kila mtu na kila mara.

Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani ilitayarisha hesabu iliyo bora zaidi, ambayo ilirekebishwa mwaka 1991. Hesabu hiyo huanza na kilo 23, uzito ambao wafanyakazi wengi wenye afya huweza kuuinua pindi hali zote zikiwa nzuri: mzigo uko karibu na mwili, uko usawa wa kiuno, unashikika vizuri na hauinuliwi mara kwa mara. Kila hali inapoharibika, kilo hizo 23 hupunguzwa. Mfano ufuatao unaonyesha:

Mzigo ukiwa sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu, badala ya 25, kilo 23 huzidishwa kwa 0.5 na kubakia kilo 11.5.
Mikono ikiwa inaushika mzigo sakafuni, huzidishwa tena kwa 0.775 na kubakia takriban kilo 8.9.
Mfanyakazi akilazimika kugeuza kiwiliwili nyuzi 90, huzidishwa kwa 0.71 na kubakia takriban kilo 6.3.

Hapo bado hayajahesabiwa masafa ya kuupandisha mzigo, wingi wa mara za kuinua wala ubora wa mshiko. Mfuko wa saruji una kilo 50. Anayeuinua kutoka sakafuni, ukiwa mbali na mwili wake, anainua zaidi ya mara tano ya uzito unaoshauriwa kwa hali hiyo, hata kama hageuki. Kinachofaa kuangaliwa hapa ni kwamba mfanyakazi huyo hana kosa la udhaifu. Kazi yenyewe ndiyo iliyokwisha kuvuka mpaka kabla yeye hajaigusa.

Hesabu ya pili ni ya jumla ya siku. Mtu akibeba mifuko 200 ya kilo 50, amebeba kilo 10,000, yaani tani 10. Mifuko hiyo ikitelemshwa kwenye gari, ikalazwa chini, halafu ikainuliwa tena kupangwa ghalani, ameibeba mara mbili, na jumla inakuwa tani 20. Gari likisogezwa hadi mlangoni na mifuko ikapangwa moja kwa moja mahali pake, nusu ya kazi yote ya mgongo imeondoka bila ya kununuliwa mashine yoyote.

5. Habari ya shingo

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kikiwa kimekaa wima juu ya mabega, misuli ya shingo haisumbuki. Kikiinama mbele, misuli hiyo hulazimika kukishikilia muda wote, mithili ya mtu aliyeshika mzigo asiruhusiwe kuutua. Hivyo ndivyo inavyowatokea washonaji wa cherehani, wafungaji wa bidhaa, wachaguaji wa mazao, na watu wa nyumbani wanaokaa jamvini hadi usiku wakichambua karafuu na makonyo. Makarani wanaoandika au kutazama kompyuta iliyowekwa chini sana wamo katika kundi hilo hilo.

Dawa ya kwanza ni kuinyanyua kazi iende kwenye macho, kuliko kuyashusha macho yaifuate kazi. Kanuni ya meza hupimwa kwa kiwiko cha mkono. Kazi ndogo inayohitaji kuonwa kwa makini iwekwe juu kidogo ya kiwiko, na mikono ipewe pa kuegemea. Kazi nyepesi ya mikono iwekwe usawa wa kiwiko au chini yake kidogo. Kazi ya kusukuma na kukandamiza kwa nguvu iwekwe chini zaidi. Kwa kuwa watu hawalingani urefu, meza moja isiyobadilika itamfaa mmoja na kumuumiza mwengine. Ubao wa kusimamia kwa mfupi na vipande vya mbao chini ya miguu ya meza kwa mrefu ni matengenezo ya gharama ndogo yanayoweza kufanywa na seremala yeyote.

6. Utaratibu wa kinga

Hatua za kinga zifuatwe kwa mpangilio huu, na isirukwe hatua ya juu kwa sababu ya wepesi wa ile ya chini:

Kwanza, kuondoa ulazima wa kubeba. Magurudumu, mteremko, toroli na kupunguza mara ambazo mzigo unashikwa huja mbele ya yote.
Pili, kuupunguza mzigo wenyewe. Mnunuzi wa bidhaa ana uwezo wa kuagiza mifuko ya kilo 25 badala ya 50, mradi idadi anayotakiwa mtu kubeba isiongezwe maradufu kwa kisingizio hicho.
Tatu, kuunyanyua mzigo kutoka sakafuni. Vichanja vya mbao vya kimo cha goti au zaidi huokoa sehemu kubwa ya kuinama.
Nne, kupanga watu na wakati. Kazi nzito ibadilishane na nyepesi, na mapumziko mafupi ya mara kwa mara yafanywe badala ya pumziko moja refu baada ya mwili kuchoka.
Tano, mafunzo: kuukaribia mzigo, kuukumbatia, kugeuka kwa miguu na kuomba msaada.

Mafunzo yamewekwa mwisho kwa makusudi. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la madaktari wa Uingereza haukupata ushahidi kwamba kumfundisha mtu namna ya kuinua kunazuia maumivu ya mgongo. Mkanda wa kiunoni nao usichukuliwe kuwa ni kinga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 haupendekezi mikanda hiyo hata kwa tiba ya maumivu ya muda mrefu. Mwajiri aliyegawa mikanda na kubandika picha ukutani, huku magunia yakiendelea kulazwa sakafuni, bado hajatimiza kinga.

7. Mtu akishaumwa

Wazee wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Maumivu yaliyodumu siku chache yaelezwe kwa msimamizi mapema, kazi ingali inaweza kurekebishwa.

Desturi ya kulala kitandani wiki nzima haifai. Uchunguzi uliofanywa Texas, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1986, uliwahusu wagonjwa 203 wa mgongo. Baadhi yao waliambiwa wapumzike kitandani siku 2 na wengine siku 7. Wale wa siku 2 walikosa kazi kwa siku pungufu ya wenzao kwa asilimia 45, na kupona kwao hakukuwa kubaya zaidi. Tangu hapo ushauri wa madaktari umekuwa ni kutembea na kuendelea na shughuli kwa kadiri inavyowezekana. Ndiyo maana ni muhimu mfanyakazi apatiwe kazi nyepesi kwa muda. Asiachiwe njia mbili tu, ama gunia ama kitanda. Kuchuliwa kwa upole na joto la kitambaa huweza kumpa mtu nafuu, lakini mgongo unaouma usikanyagwe wala kuvutwa kwa nguvu. Vidonge vya maumivu vitumiwe kwa ushauri, khasa kwa wenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au shinikizo la damu, na kwa wajawazito.

Dalili zifuatazo zinahitaji hospitali bila ya kungoja: kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo kuziba, ganzi baina ya mapaja na sehemu za siri, mguu au mkono kupoteza nguvu, maumivu baada ya kuanguka, homa, kukonda au jasho la usiku pamoja na maumivu ya mgongo. Dalili hizi za mwisho zinaweza kuwa za kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaotibika ukigunduliwa mapema na unaopoozesha ukipuuzwa.

8. Wajibu wa kisheria na umuhimu wa kumbukumbu

Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini Nam. 8 ya mwaka 2005. Mwezi Juni 2022 Mkutano Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani uliyaingiza mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi. Usalama unaokusudiwa hauishii kwenye mashine zinazokata na moto unaounguza. Mgongo unaoharibika polepole umo ndani yake.

Ugumu uliopo ni wa ushahidi. Kidole kilichokatwa kina siku yake, saa yake na mashahidi wake. Mgongo ulioumia kwa miaka sita hauna siku ya ajali. Mfanyakazi asiyekuwa na maandishi yoyote anapodai haki yake huulizwa swali lisilo na jibu: uliumia lini? Kwa hiyo kila malalamiko ya maumivu yaandikwe katika daftari la kazini, pamoja na tarehe, kazi iliyokuwa ikifanywa, uzito wa mzigo na hatua iliyochukuliwa. Mgonjwa naye amweleze daktari kazi yake kwa ukamilifu, na atunze karatasi zake. Daftari hilo humsaidia mwajiri pia: majina matano ya watu tofauti waliofanya kazi kwenye meza moja yanamwonyesha kwamba tatizo liko mezani.

9. Zoezi la kufanywa kazini

Wafanyakazi na msimamizi wao waifanye kazi hii pamoja, kwa kutumia mizani na futi ya kupimia:

(1) Ni mzigo upi ulio mzito kuliko yote, na una kilo ngapi?
(2) Mikono inaushika katika kimo gani, na kwa umbali gani kutoka vifundo vya miguu?
(3) Mzigo mmoja unashikwa mara ngapi tangu kuingia hadi kutoka, na ni mara zipi zinazoweza kuondolewa?
(4) Jumla ya kilo anazobeba mtu mmoja kwa siku ni ngapi?
(5) Ni nani anayeinamisha shingo kwa zaidi ya saa moja mfululizo, na meza yake inaweza kunyanyuliwa vipi?
(6) Katika miezi mitatu iliyopita ni nani aliyeumwa mgongo au shingo, na alikuwa kwenye kazi ipi?

Majibu yaandikwe, yatiwe tarehe na yawasilishwe kwa uongozi wa kiwanda, na kasoro moja iliyo nyepesi kurekebishwa ianze kushughulikiwa wiki hiyo hiyo. Baada ya mwezi vipimo vichukuliwe upya na kulinganishwa na vya mwanzo. Pale ambapo sakafu bado ndiyo mahali pa kuwekea magunia, zoezi lirudiwe kuanzia swali la pili.